Maswali ya Wasomaji: Kloki ya I2C Niweke Ngapi?

Mwezi huu nimefungua barua zenu nikacheka peke yangu, maana karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa midomo tofauti: nimeunganisha bodi mbili, nikiongeza kasi zinagoma, nikipunguza zinagoma vilevile, sasa kloki niweke ngapi? Haya, leo tunakalia hiyohiyo. Nikisema basi namaanisha zile nyaya mbili tatu ambazo bodi zinachangia kupitishia data, sio basi la kwenda Tanga. I2C ni basi la nyaya mbili, SDA wa data na SCL wa kloki, yani mapigo yanayopanga mwendo wa data, na kwenye Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kuprogramu, ndo A4 na A5.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mi nafuga kuku, nina mashine ya kutotolesha nimeitengeneza mwenyewe kwa boksi la friji bovu. Kuna Arduino Uno mbili, moja iko kwenye mashine inasoma joto na unyevu kwa DHT22, nyingine iko sebuleni ina skrini. Nimeziunganisha kwa I2C, waya wa netiweki kama mita 4, A4 kwa A4 na A5 kwa A5. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, alafu rafiki yangu akaniambia nitie Wire.setClock(400000) iwe fasta, nikaweka kwenye bodi zote mbili. Sasa skrini mara inaonyesha 37, mara 0, mara 255, alafu inaganda mpaka nizime niwashe. Nikitoa ile laini kwenye bodi ya kwenye mashine haibadiliki kitu, nikitoa ya sebuleni inarudi uzima nusunusu. Kasi inatakiwa ngapi, na lazima zifanane? (Mfugaji, Morogoro)

JIBU: Kwanza mi ni dada, ila usijali nimezoea. Pili hongera kwa hilo friji, mashine nyingi nilizoona watu wanaziita za kisasa hazitunzi joto kama boksi la friji.

Tuanze na hilo la kufanana, maana umejijibu mwenyewe bila kujua. Kwenye I2C kloki ina mwenyewe mmoja tu, masta, yani ile bodi inayoanzisha maongezi, na kwako naona ni hiyo ya sebuleni. Yeye ndo anapiga mapigo kwenye waya wa SCL, slevu anafuata kama mtu anayecheza ngoma inayopigwa na mwingine. Ukiandika setClock kwenye slevu ni sawa na kuandika barua ukaiacha mfukoni, haina kosa ila haifiki popote, ndo maana ulipoitoa hukuona tofauti. (Toka 2021 kiwango rasmi cha I2C kimeacha masta na slevu kinasema kontrola na tageti, ila laibrari nyingi bado hazijahama na nyinyi bado mnaandika vilevile, kwaiyo naandika kama nyinyi.) UART ndo inawachanganya watu hapa, ile ya TX na RX, kule hakuna waya wa kloki kabisa kwaiyo lazima pande zote zikubaliane mapema, 9600 kwa 9600. Hiyo tabia mnaibeba mnakuja nayo I2C, haihitajiki. Na kitu kidogo, setClock inakaa baada ya Wire.begin, ukiiweka kabla begin inakuja kurudisha 100000 na we unabaki unajua uko 400.

Sasa kwanini 400 inakuvuruga. I2C ilitoka Philips mwaka 1982 kwa ajili ya chipu ziongee ndani ya televisheni, bodi moja, umbali wa vidole. Kasi ya mwanzo ni 100 kHz, 400 ikaja kuongezwa 1992. Hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu atatoka nayo kwenye banda la kuku mpaka sebuleni.

Chipu kwenye I2C haijui kusukuma laini iende juu, inajua kuivuta chini tu. Ikiachia, laini inapanda yenyewe kupitia rezista iliyotoka kwenye 5V, ile tunaita pulapu. Chukua pipa lina tundu kubwa chini, na juu kuna mpira mwembamba wa maji uko wazi muda wote. Ukizibua tundu pipa linaisha palepale, ukiziba linajaa polepole kwa kasi ya mpira. Rezista kubwa ndo mpira mwembamba, na waya mrefu ndo pipa kubwa (ukubwa wa pipa ndo kapasitansi, inapimwa kwa pikofaradi). Kloki ya haraka maana yake unampa mtu muda mfupi wa kujaza pipa lilelile, hajafika hata nusu ushazibua tena, upande wa pili hajawahi kuona pipa limejaa.

Twende na namba zako. Waya wa netiweki una kama pikofaradi 50 kila mita, mita 4 ni 200, weka pini za chipu na bredibodi tuseme 230. Rezista hujazitaja, naamini hujaweka, na ilikuwa inakwenda kwa sababu laibrari ya Wire inawasha zile za ndani ya chipu, ambazo kwa ATmega328P, chipu ya Uno, ni kati ya kilo-omu 20 na 50. Tuseme 35 kila upande, bodi mbili zinasaidiana inakuwa 17.5. Muda wa laini kupanda, tunaupima toka asilimia 30 mpaka 70 ya volti, ni kama 0.85 mara rezista mara kapasitansi, kwako inakuja maikrosekunde 3.4. Kiwango kinaruhusu 1 ukiwa 100 kHz, na 0.3 ukiwa 400. Umeona? Hata hiyo 100 uliyosema inafanya kazi vizuri ilikuwa inaenda kwa huruma ya Mungu.

Hii kitu nimeiona kwa macho. Niliwahi kuazima osiloskopu ya watu, kile kifaa kinachochora umeme kwenye kioo, kwa wikiendi moja, nikaunganisha Uno mbili kwa waya mrefu bila rezista, nikagusisha pini kwenye SCL. Nilitegemea kuona matofali yamepangwa, pembe nne safi, nikaona matuta ya viazi. Upande wa kushuka umekatika kama umekatwa na panga, upande wa kupanda umepinda unajivuta, na nilipoenda 400 matuta yakawa vichuguu vidogo havifiki hata nusu ya kioo. Nikachukua rezista mbili za 2.2k nikachomeka palepale huku nachungulia, tuta likasimama likawa tofali. Shilingi ngapi rezista? Hata nauli ya daladala haifiki.

Kwaiyo weka mbili, moja toka SDA kwenda 5V, moja toka SCL kwenda 5V, za 2.2k. Kwa pipa lako la 230 inakupa maikrosekunde 0.43, kwa 100 kHz unalala usingizi. Kwa 400 bado haitoshi, ungehitaji kama 1.5k, na hapo ndo unakutana na ukuta wa pili, maana chipu ya kawaida ya I2C inaahidi kumeza miliampea 3 tu wakati inavuta laini chini, na kwa 5V hiyo inakataza rezista kuwa chini ya omu 1533. Yani kwa mita zako 4 kasi ya 400 iko ukingoni kabisa, mguu mmoja shimoni.

Ila swali langu kwako ni moja, fasta ya nini? DHT22 yenyewe inataka upumzike sekunde 2 kati ya kusoma na kusoma. Baiti 4 za joto na unyevu pamoja na ya anwani ni 5, kila baiti ina mapigo 9, jumla kama mapigo 47 ukihesabu kuanza na kumaliza. Kwa 100 kHz hiyo ni chini ya nusu milisekunde. Basi lako linafanya kazi nusu milisekunde alafu linalala sekunde mbili, huyo rafiki yako alikuwa anakuharakishia usingizi. Yai lenyewe linakaa siku 21 humo ndani.

Kuhusu hizo 255: Wire.read ikikosa kitu inarudisha -1, na -1 ukiitia kwenye baiti inasomeka 255. Sio joto, ni ukimya. Angalia kwanza requestFrom, ile amri ya kuomba data, imerudisha baiti ngapi ndo usome. Na kule kuganda, laibrari ya Wire ya Uno kwa kawaida inasubiri milele laini ikikwama, ila matoleo mapya yana Wire.setWireTimeout, ipe maikrosekunde 25000 na uiambie ijirisiti yenyewe, skrini haitaganda tena hata waya ukichezewa na panya.

Alafu hujataja GND, ule waya wa hasi unaotakiwa kuunganisha bodi zote. Umesema A4 kwa A4 na A5 kwa A5 tu. Nilishakaa jioni tatu na bodi mbili zinazoongea vizuri mezani, nikizipeleka kwenye tenki la maji zinakuwa mabubu, nikabadilisha rezista, nikabadilisha kodi ya programu, nikagombana na kila mtu nyumbani, kumbe mezani zote zilikuwa zinakula umeme wa laptopu moja kwaiyo GND zinakutana kwa mlango wa nyuma, kule tenkini kila moja ina chaja yake. Waya mmoja tu wa GND ukamaliza. Na kwenye huo waya wako wa netiweki usiweke SDA na SCL kwenye jozi moja iliyosokotwa, zitaambukizana. SDA isokotwe na GND, SCL isokotwe na GND nyingine.

SWALI: Sasa fundi, niko na Uno mbili, nimetumia SPI, ile njia ingine ya bodi kuongea, juu nilisoma ni fasta kuliko I2C. Natuma baiti 20 kutoka kwa masta lakini kwa slevu zinafika kumi na kitu, na kila saa ni tofauti. Waya ni fupi, hata hazifiki sentimita 15. Nimebadilisha waya, nimebadilisha hadi bodi moja, nikaona labda niliuziwa feki huko Luthuli. Hapo nifanye aje? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Usimlaumu muuzaji, bodi zako nzima. SPI haina shida ya pipa kama I2C, laini zake zinasukumwa juu na chini kwa nguvu, hakuna pulapu, kwaiyo megahezi kadhaa kwenye sentimita 15 ni jambo la kawaida. Tatizo lako limekaa upande wa anayepokea, anakaba kooni.

Uno usipoigusa inatuma SPI kwa 4 MHz, na hiyo ndo kasi ya mwisho ambayo Uno nyingine inaweza kuisikia ikiwa slevu, robo ya kloki yake ya 16. Kusikia na kumeza ni vitu viwili. Kwa 4 MHz baiti inaisha kila maikrosekunde 2, na ndani ya maikrosekunde 2 Uno inapata mizunguko 32 tu ya kufikiri. Kuingia kwenye intarapti (kuacha kazi ya mkononi uihudumie baiti iliyofika), kuhifadhi rejista (vijisanduku vya namba ndani ya chipu), kuchukua baiti, kuiweka kwenye safu, kuongeza namba, kurudisha rejista, kutoka, mizunguko 32 ishapita na baiti inayofuata ishakanyaga ya nyuma. Ni kama mama anayetoa chapati kwenye kikaango na wewe peke yako ndo unakula, hata kama unazipenda humfikii. Na kama kuna Serial.print umeiweka ndani ya intarapti, na nina wasiwasi ipo, itoe leo.

Shusha masta mpaka 250 kHz, baiti itachukua maikrosekunde 32 na slevu atakuwa na mizunguko 512, anakula anafuta mdomo. Au bakiza kasi ukatie delayMicroseconds(20) kati ya baiti na baiti, matokeo yanakaribiana. Unaona sasa hiyo fasta uliyoisoma imeishia wapi, kati ya Uno mbili SPI na I2C haziachani mbali vile vitabu vinasema.

Jambo lingine la SPI watu hawaambiani: haina jibu. I2C kila biti ya nane ikiisha kuna pigo la tisa la kusema nimepokea, na endTransmission inakurudishia 0 kama poa, 2 kama anwani haikuitika, 3 kama data imekataliwa. SPI masta anamwaga tu, hata ukichomoa slevu ukamweka mfukoni masta anaendelea kumwaga kwa furaha. Kwaiyo weka baiti ya mwisho iwe jumla ya zile za mbele, slevu akijumlisha akaona haziendani atupe.

SWALI: Shikamoo. Nina NodeMCU, bodi yenye chipu ya WiFi ya ESP8266, ndo masta inatuma data kwenye simu, na Uno ndo slevu inasoma DHT22. Inafanya kazi lakini mara mojamoja requestFrom inarudisha 0, tena bila mpangilio. Nimeshusha kloki toka 100000 mpaka 50000, hakuna kilichobadilika. Rezista nimeweka za 4.7k, waya sentimita 20. (Mwanafunzi, Mwanza)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wewe umefanya vizuri kuliko wengi, umebadilisha kitu kimoja ukaangalia, na jibu umelipata, sio kloki. Waya mfupi, rezista ziko sawa, kushusha hakusaidii, basi anayechelewa ni mtu sio barabara.

DHT22 inatuma biti 40 na kila moja inapimwa kwa urefu wake wa maikrosekunde chache, kwaiyo laibrari yake inazima intarapti wakati wa kusoma ili isikosee, na hiyo inachukua kama milisekunde 5. NodeMCU ikiita katikati ya hizo milisekunde 5, Uno inasikia anwani yake ila haina mtu wa kujibu. Inachofanya chipu ni kushika SCL chini, yani inamwambia masta subiri. Hiyo ruhusa ipo kwenye I2C toka zamani, slevu ndo hapo tu anaruhusiwa kugusa kloki, kuichelewesha. Uno ikiwa masta ingesubiri. Ila ESP8266 haina kifaa cha I2C ndani, inaigiza kwa programu, na kwenye matoleo ya zamani ya programu zake za Arduino uvumilivu wake ni maikrosekunde 230 alafu inakata tamaa. Milisekunde 5 ni 5000. Hesabu mwenyewe.

Andika Wire.setClockStretchLimit(10000) baada ya Wire.begin kwenye NodeMCU, au sasisha hayo matoleo. Ila mi napenda njia nyingine ambayo haihitaji uvumilivu wa mtu: slevu asome DHT22 mara tu baada ya kujibu. Kwenye onRequest, ile sehemu ya programu inayoitwa masta akiomba, atume namba alizoshika mkononi na anyanyue bendera, loop ikiona bendera ndo isome sensa na kuandaa namba za safari ijayo. Masta akiita kila sekunde 3 hawatakutana mlangoni hata siku moja. Na usisome DHT22 ndani ya onRequest yenyewe, hapo unamshika masta koo kwa makusudi.

Nina wasiwasi na kitu kimoja, hizo 4.7k zimeenda 5V au 3.3V? Pini za NodeMCU ni za 3.3. Ukivuta kwenda 5 unaipiga NodeMCU taratibu, ukivuta kwenda 3.3 Uno inataka kuona angalau 3.5 ndo iite ni moja, kwaiyo inaweza kukubali leo ikakataa kesho jua likiwa kali. Tumia kile kibodi kidogo cha kubadilisha volti chenye transista za BSS138. Ila ujue vingi vya bei rahisi vinakuja na rezista za 10k, kwa 100 kHz na waya mfupi poa, siku ukitaka 400 ongeza zako pembeni.

SWALI: Mambo dada, skrini ya 1602 yenye kibodi cha I2C mgongoni, saa ya DS3231 na sensa ya mwendo ya MPU6050, zote kwenye basi moja na Uno. Nikiweka 400000 kwa ajili ya MPU, skrini inaandika vitu kama Kichina. Nikiweka 100000 skrini inapona ila saa inanipa majira ya ajabu kasi yoyote. (Zanzibar)

JIBU: Poa. Una magonjwa mawili umeyaweka kwenye kitanda kimoja.

Kichina ni kloki. Kile kibodi cha mgongoni kwa kawaida ni chipu ya PCF8574, na hiyo imeandikwa mwisho 100 kHz, wakati MPU6050 na DS3231 zinafika 400. Kwenye basi kasi ni ya yule mzee wa nyuma kabisa. Kuna watu wanapandisha kloki wakiongea na MPU na kushusha wakiongea na skrini, mara nyingi inapita, ila ujue ile chipu ya polepole bado iko kwenye waya inasikia kelele za wenzake na siku moja itadhani imeitwa. Kaa 100.

Majira ya ajabu sio kloki. DS3231 na MPU6050 zote zinaitika anwani moja, 0x68, unaita Juma wanaitika Juma wawili kwa pamoja na sauti zinachanganyika. Pini ya AD0 ya MPU ipeleke juu itahamia 0x69.

Na ukizidi kuongeza moduli kumbuka kila moja mara nyingi inakuja na pulapu zake za 4.7k, tatu zikikaa pamoja ni kama rezista moja ya 1.57k, ushafika pale kwenye ule ukuta wa 1533 nilioongea juu. Ya nne ikija ng'oa rezista za moja.

SWALI: Nimenunua ATmega328P tupu, chipu peke yake, nikaipanga kwenye bredibodi bila kristali iwe slevu wa Uno. Kwa 100000 haisikii, kwa 50000 inasikia kila kitu. Chipu mbovu? (Dodoma)

JIBU: Nzima. Chipu hiyo inatoka kiwandani inatembea 1 MHz, ina 8 ndani lakini imegawiwa kwa 8, na slevu wa aina hii anataka kloki yake iwe angalau mara 16 ya SCL. 1 MHz gawa kwa 16 ni 62.5 kHz, ndo maana 50 inapita 100 haipiti. Baki na 50, au badilisha fyuzi ya CKDIV8 (sio fyuzi za kuungua, ni mipangilio ya ndani) upate 8 MHz kamili. Ukibadilisha kumbuka na kuiambia programu yako, la sivyo delay zako zote zitakimbia mara nane.

SWALI: Nilisoma kwamba waya mrefu unataka kloki ndogo, wangu ni mita 12 toka tenki la maji mpaka jikoni, Uno kwa Uno. Kwa 100000 inakosea mara kwa mara, nikaona niweke 10000 iwe taratibu kabisa, ikawa mbaya ZAIDI. Nimechanganyikiwa. (Mtwara)

JIBU: Hii barua imenifurahisha kuliko zote, maana hujakosea kufikiri, umeingia mtego. Kasi ya I2C kwenye Uno inawekwa kwenye rejista inaitwa TWBR, na hesabu yake ni 16000000 gawa kwa kasi unayotaka, toa 16, gawa kwa 2. Kwa 100000 inatoka 72, sawa. Kwa 10000 inatoka 792. Sasa TWBR ni ya biti 8, mwisho wake 255, 792 haiingii, na laibrari haikuambii chochote, inakata tu kinachozidi na kubakiza 24. Rudisha 24 kwenye hesabu uone ni kasi gani: 250 kHz! Umeomba konokono umepewa pikipiki.

Kwenye Uno usiombe chini ya 31000, hapo ndo sakafu kama hujagusa rejista mwenyewe kwa mkono. Ila kwa mita 12 sitaki hata ujaribu, waya wako peke yake ni kama pikofaradi 600 na kiwango cha I2C ya kawaida kinaishia 400. Nunua vile vibodi viwili vya MAX485, ni RS-485, unatumia Serial ya kawaida kwa 9600, waya wa netiweki huohuo, jozi moja kwa A na B na jozi nyingine kwa GND, na weka rezista ya omu 120 kila mwisho wa waya kama kibodi hakina. RS-485 kwa kasi ndogo inafika mita 1200, tenki lako liko hapo tu.